Valvu ya chuma au ya tishu? Ulinganisho kwa anayesubiri kubadilishiwa mlango wa moyo

Daktari akishasema valvu ya moyo haina budi kubadilishwa, swali linalofuata ni iwekwe ya chuma au ya tishu. Zote mbili hufanya kazi ileile: hufunguka damu ipite, hufunga isirudi nyuma. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ni vigumu kumtofautisha aliyewekewa hii na aliyewekewa ile. Tofauti huja baadaye. Ya chuma ni deni la kulipa kidogo kidogo, kidonge cha warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kila siku na kipimo cha damu kila mwezi, maisha yote. Ya tishu ni deni la kulipa kwa mkupuo, upasuaji wa pili miaka kadhaa mbele. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, uliza ni deni lipi utaweza kulilipa pale unapoishi, si pale unapopasuliwa.

Zimetengenezwa na nini

Valvu ya chuma ya siku hizi, licha ya jina lake, ina vibawa viwili vya kaboni ngumu vinavyofunguka na kufunga ndani ya pete. Nje ya pete kuna ukingo wa kitambaa ambao daktari hupitishia nyuzi za kuishonea kwenye moyo. Muundo huu wa vibawa viwili ulianza kutumika mwaka 1977, baada ya zile za kisahani kimoja na zile za mpira ndani ya kizimba zilizokuwepo tangu 1960. Kaboni yenyewe karibu haichakai. Shida yake ni kwamba damu huiona kuwa kitu kigeni, na pale kwenye bawaba ambako mkondo hupungua kasi, damu huanza kuganda.

Valvu ya tishu hushonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, au ni valvu ya nguruwe yenyewe, ikalowekwa kwenye glutaraldehidi ili iwe imara na mwili usiishambulie. Aliyewekewa hahitaji dawa za kushusha kinga kama aliyepandikizwa figo. Muislamu asiyetaka ya nguruwe aseme wiki kadhaa kabla, asingoje asubuhi ya kuingia chumba cha upasuaji. Za ng'ombe zipo na zinatumika sana, lakini valvu huagizwa kwa aina na kwa ukubwa, na si kila hospitali ina akiba ya zote.

Je, ni lazima ibadilishwe?

Hili ni swali la kuuliza kabla ya yote. Valvu ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyosinyaa baada ya homa ya rumatiki (ugonjwa wa utotoni unaofuata maambukizi ya koo), kama bado ni laini, haina chokaa nyingi na haivuji sana, mara nyingi hupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kufungua kifua. Ile inayovuja pengine inaweza kurekebishwa: kushonwa, kuwekewa pete, kuongezewa kamba. Valvu iliyoharibiwa na rumatiki ni ngumu kurekebisha kuliko ile iliyolegea kwa uzee, na hutaka daktari aliyeizoea. Lakini ikirekebishika, mgonjwa ambaye mapigo yake yako sawa huepuka madeni yote mawili kwa miaka mingi. Muulize daktari waziwazi: "Kwa nini yangu haiwezi kurekebishwa?" Jibu liwe na sababu zilizoonekana kwenye eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Kama jibu ni kubadilisha, huu ndio ulinganisho kwa ufupi:

| Jambo | Valvu ya chuma | Valvu ya tishu |
|---|---|---|
| Hudumu muda gani | Miaka 20 hadi 30 na zaidi, mara nyingi maisha yote | Miaka 10 hadi 15 kwa mtu wa makamo, zaidi kwa mzee. Kwa kijana inaweza isifike 10 |
| Warfarini | Maisha yote, bila kuruka | Mara nyingi miezi 3 hadi 6, kisha aspirini ya miligramu 75 hadi 100 |
| Inapoharibika | Ghafla: bonge la damu hukwamisha vibawa au huenda kichwani | Taratibu kwa kawaida: hukakamaa au huchanika |
| Ujauzito | Hatari kubwa kwa mama na mtoto | Salama zaidi, lakini upasuaji wa pili utakuja |
| Maambukizi ya valvu | Yanawezekana | Yanawezekana, karibu sawa |
| Mlio | Tiki-tiki, husikika usiku | Hakuna |

Umri, na valvu yenyewe ni ipi

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza ya chuma kwa aliye chini ya miaka 50 anayebadilishiwa valvu ya aota (iliyo pale damu inapotoka moyoni kwenda mshipa mkuu), ya tishu kwa aliyezidi 65, na katikati ya hapo mazungumzo. Kwa valvu ya mitrali mpaka wa kuanza kupendekeza ya tishu ni 65. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unasogeza kidogo: aota chini ya 60 ya chuma, juu ya 65 ya tishu, mitrali chini ya 65 ya chuma, juu ya 70 ya tishu. Utafiti mkubwa wa jimbo la California uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba faida ya kuishi zaidi kwa waliowekewa ya chuma iliendelea hadi kama miaka 55 kwa aota, na hadi kama 70 kwa mitrali.

Kwa nini mitrali itofautiane na aota? Valvu ya mitrali hufunga wakati chumba kikuu cha moyo kinasukuma kwa nguvu zake zote, kama milimita 120 za zebaki kwa mtu mwenye presha ya kawaida. Ya aota hufunga wakati moyo umepumzika, presha iko karibu na 80. Tishu iliyoshonwa kwenye mitrali hupigwa zaidi kila pigo, mara 100,000 kwa siku. Na kijana huimaliza haraka kuliko mzee kwa sababu mwili wake hujenga chokaa kwa kasi na kinga yake ni kali. Aliye kwenye dayalisisi ya figo naye huikakamaza mapema, hata akiwa mtu mzima.

Sasa, miongozo hii iliandikwa mahali ambapo mgonjwa wa kawaida ni mzee mwenye valvu ya aota iliyojaa chokaa, na maabara ya INR, kipimo cha kuganda kwa damu, iko karibu na kwake. Afrika Mashariki mgonjwa wa kawaida ni mwingine kabisa: kijana au mama wa miaka 15 hadi 40, homa ya rumatiki ya utotoni imemharibu mitrali. Ukihesabu umri peke yake, karibu wote wanaangukia chuma. Ukihesabu wanakoishi, mambo hubadilika. Upasuaji unafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na Kenya kuna Nairobi, Eldoret na Tenwek huko Bomet. Wengine hupelekwa India. Lakini mgonjwa hurudi Kasulu, au Lodwar, au Kotido, na warfarini anakwenda kuimeza huko. Miongozo yenyewe inalikubali hili: penye shaka kwamba warfarini haitasimamiwa vizuri, ya tishu inakubalika katika umri wowote.

Maisha na warfarini

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

INR ni namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda ukilinganisha na kawaida. Asiyetumia dawa ana takriban 1. Mwenye valvu ya chuma ya aota asiye na hatari nyingine hulengwa 2.5, yaani kati ya 2 na 3. Mwenye ya mitrali, au mwenye ya aota pamoja na mapigo yaliyovurugika au moyo dhaifu, hulengwa 3, yaani 2.5 hadi 3.5. Aliyewekewa mbili, mitrali na aota, hufuata lengo la mitrali. Kuna valvu moja ya chuma ya aota, On-X, ambayo Marekani iliruhusu mwaka 2015 itumie INR ya 1.5 hadi 2 pamoja na aspirini baada ya miezi 3 ya mwanzo. Ruhusa hiyo haihusu mitrali na haihusu valvu za kampuni nyingine.

Bila dawa kabisa, uchambuzi uliochapishwa 1994 ulikadiria kwamba watu 4 kati ya 100 wenye valvu ya chuma wangepata bonge kubwa la damu kila mwaka. Kwa warfarini hushuka hadi 1. Gharama yake ni kutoka damu vibaya, mtu 1 hadi 2 kati ya 100 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 30 uone kwa nini si jambo dogo hata ukifuata kila kitu.

Watu huuliza kama vidonge vipya visivyohitaji INR vinaweza kuchukua nafasi. Haviwezi. Dabigatrani ilijaribiwa kwenye valvu za chuma na jaribio likasimamishwa 2012: waliotumia walipata mabonge zaidi na kutoka damu zaidi. Apiksabani ilijaribiwa kwenye On-X ya aota, nayo ikasimamishwa 2022. Mtu wa duka la dawa akikwambia "hii ni ya kisasa, haina haja ya kupima", mwonyeshe kadi yako ya valvu na uondoke.

Miezi 3 ya mwanzo vipimo ni vingi: kila siku 2 au 3 hadi namba itulie, kisha kila wiki, kisha kila wiki 4. Dozi hupangwa kwa wiki, haipangwi kwa siku moja. Anayetumia miligramu 5 kila siku ana 35 kwa wiki. INR ikishuka hadi 1.9 na lengo ni 2.5, daktari huongeza kati ya asilimia 5 na 20 ya dozi ya wiki. Kwa mfano 5 kwa siku sita na 7.5 siku ya saba, jumla 37.5. Kuruka hadi miligramu 10 kila siku kwa sababu "damu ni nzito" ndiko kunakowaleta watu hospitali wakitapika damu wiki moja baadaye, kwa maana warfarini huchukua siku kadhaa kuonyesha nguvu yake yote. Ukisahau kidonge, meza siku hiyohiyo ukikumbuka; ikishafika kesho, usimeze viwili.

Usitambue kidonge kwa rangi. Uingereza cha waridi ni cha miligramu 5. Marekani cha waridi ni cha miligramu 1. Familia nyingi hutumiwa dawa na ndugu walio nje, na pakiti ikibadilika rangi hubaki ileile huku dozi imegeuka mara tano. Soma miligramu kila unapofungua pakiti mpya.

Kuhusu chakula, watu hutishwa kupita kiasi. Mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki na majani ya maboga yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Dawa si kuyaacha. Dawa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na dozi ipangwe juu ya mlo huo. Aliyezoea mboga za majani kila siku akiziacha ghafla, INR hupanda; aliyekuwa hali akaanza kunywa unga wa mlonge asubuhi na jioni, hushuka. Mwezi wa Ramadhani, saa za kula na kumeza dawa hubadilika, kwa hiyo pima mara moja zaidi. Pombe nyingi kwa siku moja ni mbaya kuliko chakula chochote kilichotajwa hapa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa nyingine. Flagyl, Septrin, flukonazoli, siprofloksasini na erithromaisini hupandisha INR, na ni dawa zinazonunuliwa bila cheti kila mtaa. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya mno: dozi ya warfarini inaweza kuhitaji kuongezwa mara mbili au zaidi, kisha matibabu ya TB yakiisha, asipokuwepo wa kuipunguza, damu hukataa kuganda ndani ya wiki chache. Dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini nazo huishusha. Diklofenaki na ibuprofeni haziguswi, iwe kidonge au sindano. Sindano ya diklofenaki ya kwenye kalio, ambayo zahanati nyingi hutoa kwa maumivu ya mgongo, ina makosa mawili kwa pamoja: dawa yenyewe, na kutoboa msuli wa mtu ambaye damu yake haigandi haraka. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa dozi ya kawaida. Malaria au homa yoyote iliyokukosesha kula siku mbili ni sababu ya kupima INR siku 3 hadi 5 baadaye.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, INR ikiwa juu: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zinazotoka damu bila kukoma, kichwa kinachouma baada ya kuanguka hata kama hukuvimba. Daktari akitaka kukupa vitamini K kwa sababu INR imepanda lakini hutoki damu, mkumbushe kwamba una valvu ya chuma: dozi kubwa huishusha ghafla na kukuacha bila kinga kwa siku nyingi. INR chini ya 10 bila kutoka damu kwa kawaida hutatuliwa kwa kuruka dozi moja au mbili na kupima tena.

Dalili za upande wa pili, damu kuganda: ule mlio wa tiki-tiki uliouzoea umefifia au umepotea, pumzi zinakatika ghafla, uso umepinda, mkono umekufa ganzi, kauli imegeuka. Hapo usisubiri kliniki ya Jumatatu. Nenda penye eko.

Kabla ya kuchagua chuma, fanya uchunguzi huu mwenyewe. Nenda maabara iliyo karibu na nyumbani, ya serikali au binafsi, uulize: mnapima INR? Vitendanishi huisha mara ngapi kwa mwaka? Majibu hutoka siku hiyo au wiki ijayo? Nani atayasoma na kunibadilishia dozi? Bei mara 14 kwa mwaka ni shilingi ngapi, pamoja na nauli? Warfarini inapatikana mfululizo, na bima inailipia? Kama majibu matatu kati ya haya ni mabaya, umri wako wa miaka 30 hautoshi kuwa sababu ya chuma. Kipo kifaa kidogo cha kuchoma kidole kinachotoa INR kwa dakika moja. Kijiji chenye zahanati yenye kifaa hicho na vijiti vyake hubadilisha hesabu yote, ila vijiti ni ghali na vina tarehe ya kuisha.

Valvu ya tishu inavyokwisha

Faida yake kubwa ni kuachana na warfarini. Lakini faida hiyo hupotea kabisa kwa mtu mmoja: mwenye mapigo yaliyovurugika, yaani chumba cha juu cha moyo kinachotetemeka badala ya kusukuma. Mitrali iliyosinyaa kwa miaka mingi hutanua chumba cha juu cha kushoto, na wengi wenye rumatiki hufika upasuaji wakiwa tayari na hali hiyo. Mtu huyo atatumia dawa ya kuzuia damu kuganda hata akiwekewa tishu. Akichagua tishu ili aepuke dawa, atalipa madeni yote mawili. Angalia ECG yako (kipimo cha umeme wa moyo) kabla ya kuamua. Ni kipimo cha bei ndogo. Afueni iliyopo ni kwamba akishakuwa na valvu ya tishu, na kulingana na aina ya ugonjwa wake, daktari anaweza kufikiria vidonge visivyohitaji INR. Mwenye mitrali yake mwenyewe iliyosinyaa kwa rumatiki hubaki kwenye warfarini: utafiti wa 2022 uliowahusisha wagonjwa wa Afrika ulionyesha wanaishi zaidi nayo kuliko na rivaroksabani, kimojawapo cha vidonge hivyo visivyohitaji INR.

Tishu hufa kwa njia mbili. Chokaa hujaa, vibawa vinakakamaa, na mgonjwa anaanza kuchoka kupanda ngazi alizozizoea. Au kibawa kinachanika na kuvuja, na pumzi hubana kwa siku chache. Njia ya kwanza hutoa muda wa kujipanga, mradi eko inafanyika. Baada ya eko ya mwanzo, wiki 6 hadi miezi 3 tangu upasuaji, kijana apime kila mwaka bila kungoja dalili. Upasuaji wa pili una hatari zaidi ya wa kwanza, kwa sababu moyo umeshikamana na mfupa wa kifua na makovu yamejaa. Ukifanywa kwa mpango, mgonjwa akiwa bado anatembea, matokeo ni mazuri kwa wengi. Ukifanywa usiku wa dharura, mapafu yamejaa maji na figo zimechoka, ni habari nyingine. Kwa hiyo anayechagua tishu akiwa na miaka 25 anachagua pia kuhudhuria kliniki ya moyo miaka yote ambayo atajisikia mzima, na hicho ndicho watu hukiacha.

Utasikia ahadi: "Ikichakaa, tutakuwekea nyingine ndani yake kwa katheta, bila kupasua." Katheta ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa. Teknolojia ipo na inafanya kazi. Ila uliza mambo mawili. Kwanza, ukubwa. Valvu mpya hukaa ndani ya ya zamani, na kama ya zamani ni milimita 19 au 21, nafasi ya damu itakayobaki ni finyu na moyo utaendelea kuhangaika. Mwombe daktari aweke kubwa kadiri inavyowezekana, na aeleze kama atahitaji kupanua mzizi wa aota, pale valvu inapokaa. Pili, nani atalipa. Valvu za katheta ni ghali kuliko upasuaji wenyewe, na usipange maisha yako juu ya bei ambayo hakuna aliyekuandikia.

Mwanamke anayetaka kuzaa

Kwa msichana wa miaka 20 swali hili linapaswa kutangulia mengine yote, na mara nyingi linaulizwa la mwisho, tena kwa wazazi wake badala ya yeye.

Warfarini hupita kwenye kondo. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu ukuaji wa pua na mifupa ya mtoto, na wakati wowote inaweza kusababisha mimba kutoka au damu kuvuja kichwani mwa mtoto. Hatari ni ndogo zaidi dozi isipozidi miligramu 5 kwa siku. Mbadala ni heparini ya sindano, ambayo haipiti kwa mtoto lakini humlinda mama kidogo kuliko warfarini. Ile ya kisasa hudungwa mara mbili kwa siku na hutaka kipimo maalumu cha damu ambacho maabara nyingi hazina. Kwa kawaida mama huhamishiwa heparini kuanzia wiki ya 36, na uchungu ukianza akiwa bado kwenye warfarini, hujifungua kwa upasuaji ili kumlinda mtoto.

Takwimu za usajili wa kimataifa zilizochapishwa 2015 ni za kutafakari: mimba zilizofika mwisho na mtoto hai bila tatizo kubwa zilikuwa asilimia 58 kwa wenye valvu ya chuma, 79 kwa wenye ya tishu. Valvu ya chuma iliganda kwa karibu 5 kati ya kila wajawazito 100.

Kwa hiyo msimamo wetu: msichana anayetaka watoto, asiye na mapigo yaliyovurugika, ambaye kwake upasuaji wa pili unaweza kupatikana, apewe tishu huku akijua itachakaa, azae ndani ya miaka michache, kisha ya pili iwe ya chuma. Aliyekwisha kuwekewa chuma akikosa hedhi, apime mimba wiki hiyohiyo, amwone daktari kabla ya wiki ya 6, na asiache warfarini peke yake. Kuiacha kwa hofu ya mtoto kumeua akina mama. Kunyonyesha ukiwa kwenye warfarini ni salama.

Asiyetaka mimba kwa sasa: kijiti, au kitanzi chenye homoni, ambacho pia hupunguza hedhi nzito inayoletwa na warfarini na kumwepusha na upungufu wa damu. Vidonge vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu, viepukwe.

Yasiyobadilika, uchague ipi

Valvu yoyote ya bandia inaweza kupata vijidudu, na ikipata, vifo ni vingi. Kabla ya kung'oa jino au kusafishwa fizi, meza amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Mwenye mzio wa penisilini hupewa azithromaisini miligramu 500. Homa ya zaidi ya siku tatu isiyo na sababu haitibiwi kwa antibayotiki za dukani: damu ichukuliwe kwanza kuotesha vijidudu, kwa kuwa dozi mbili za dawa huficha jibu.

Kama ugonjwa ulitokana na rumatiki, valvu mpya haiponyi rumatiki. Penisilini ya kinga inaendelea, kwa kawaida sindano ya yuniti milioni 1.2 kila wiki 3 au 4, hadi angalau umri wa miaka 40 kwa wengi waliofika kwenye upasuaji. Kwa aliye kwenye warfarini, sindano hii ya msuli hutolewa INR ikiwa kwenye lengo, kwa sindano nyembamba, na pakandamizwe dakika kadhaa. Pakivimba, daktari hubadilisha kwenda vidonge vya penisilini V mara mbili kwa siku.

Mlio, mashine za uwanja wa ndege, kipimo cha MRI: mambo madogo. Mlio huzoeleka kwa wengi. MRI inaruhusiwa kwa valvu za kisasa, ila onyesha kadi.

Kabla ya kusaini

Mzee wa miaka 70, aota: tishu, na mjadala mfupi. Mwanamume wa 35 anayeishi Mombasa au Mwanza, mitrali, mapigo yamevurugika, maabara ipo: chuma. Mchungaji wa miaka 22 anayehama na mifugo, mapigo sawa: tishu, hata kama kitabu kinasema chuma, kwa sababu valvu ya chuma bila INR inaweza kummaliza kabla tishu haijachakaa. Mlevi, au mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, au aliyeshindwa kumeza dawa zake za presha kwa mwaka mzima: tishu. Aliyepasuliwa kifua mara mbili tayari na yuko chini ya 50: chuma, maana mara ya tatu hatutaki ifuatwe na ya nne.

Tengeneza meno wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Jino bovu lililobaki ndilo linaloambukiza valvu mpya miezi miwili baadaye, na kung'oa ukiwa kwenye warfarini ni kazi. Mwambie daktari aandike kwenye fomu ya ridhaa chaguo lako la kwanza na la pili, kwa sababu kifua kikiwa wazi anaweza kukuta mzizi mwembamba usiokubali valvu mliyoipanga. Na siku ya kutoka, usiondoke bila kadi yenye jina la valvu, ukubwa kwa milimita, namba yake, mahali ilipowekwa na INR unayolenga. Ipige picha, uitume kwa ndugu wawili.